Mshahara wa Karani wa Komine na Bei za Soko

Leo twataka kusema juu ya jambo linalojulikana katika kila nyumba, lakini lisilofikiriwa vema katika mabiro. Ni mshahara wa watumishi wa komine, wa sekta na wa sheferi: makarani, wapokeaji wa kodi za soko, mapolanto, wasafishaji wa barabara. Wote hawa hulipwa kwa franka. Wote hawa huenda sokoni pamoja na watu wengine. Na kila mwaka neno lile lile larudi: bei zimepanda, mshahara umekaa pale pale.

Juu ya neno hili wengi husema kwa hasira, na wengine kwa huruma. Hasira haijazi kikapo, na huruma haidumu. Kwa hiyo sisi twataka kuangalia namna zenyewe ambazo wakubwa wamezitumia kupatanisha mshahara na bei, tuone ipi ni nzuri, ipi ni mbaya, na kwa sababu gani. Maana namna ni nyingi, na si zote zina akili.

Kwanza tusafishe neno moja. Wakubwa wapenda kusema: «Tumewaongezea mshahara.» Watu hupiga makofi. Lakini tuulize: wameongeza kweli? Ikiwa mwaka jana karani alinunua mifuko minne ya unga kwa mshahara wake, na mwaka huu anunua mitatu, kisha mshahara wapandishwa hata anunue tena minne, huyo hakuongezewa kitu. Amerudishiwa kilichopotea. Kuongeza ni kumfikisha kwenye mfuko wa tano. Kurudisha ni haki. Kuongeza ni jambo la kupatana kati ya tajiri na mtumishi, kwa kadiri ya kazi na ya mali. Nani achanganya mambo haya mawili? Ni yule atakaye sifa ya kutoa zawadi, kumbe alipa deni. Na mtumishi naye, akizoea kuambiwa ya kuwa kurudishiwa ni zawadi, atazoea kushukuru pale alipopaswa kuhesabu.

Basi, tuziangalie namna.

Namna ya kwanza ni kungoja mpaka watu wakasirike. Hii ndiyo namna tuliyoizoea zaidi katika inchi yetu. Bei zapanda mwaka wa kwanza, watu wanung'unika. Zapanda mwaka wa pili, sendika zaandika barua. Mwaka wa tatu watu waacha kazi, biro zafungwa, mama mwenye mtoto mchanga akosa karatasi ya uzazi. Hapo wakubwa waita sendika, watu waketi siku nyingi, waandika mapatano.

Mfano unaojulikana na wote ni mapatano ya Mbudi, katika mji wa Kinshasa, ya mwaka 2004. Serikali na sendika za watumishi wa Serikali walipatana juu ya ngazi ya mishahara: mtumishi wa chini kabisa, yule tarishi wa biro, apate dola 208, na katibu mkuu dola 2,080. Yaani mkubwa asipite mara kumi ya mdogo. Ilikuwa hesabu safi, yenye haki ndani yake. Lakini miaka ilipita, na tarishi hakuziona zile 208. Kwa muda mrefu sendika ziliendelea kulitaja jina la Mbudi kama vile mtu anavyotaja shamba la babu lililochukuliwa na wengine. Kosa lilikuwa wapi? Hesabu ilikuwa njema. Lakini walipanga mahali pa kufika pasipo kupanga njia: fedha zitoke wapi, zipande kwa ngazi gani kila mwaka, na nani ahesabu. Ahadi ni deni, lakini deni lisilo na tarehe ya kulipwa ni maneno matupu.

Mfano mwingine ni mshahara wa chini uliowekwa kwa amri ya Serikali. Ni kweli, amri hiyo ni ya watu wa makampuni na ya kazi za binafsi, si ya maajenti wa Serikali, lakini yatufundisha. Mwaka 2008 iliandikwa franka 1,680 kwa siku. Siku zile ilikuwa kama dola 3. Hesabu hiyo ilikaa miaka 10. Kufika mwaka 2017, franka zile zile 1,680 zilikuwa karibu dola 1 tu. Hakuna mtu aliyetia sahihi karatasi ya kupunguza mshahara. Hakuna mkubwa aliyesema: «Nimewanyang'anya theluthi mbili.» Karatasi haikuguswa, na kumbe kitu kilichoandikwa ndani yake kilikuwa kimeliwa na mchwa. Mwaka 2018 wakaandika franka 7,075, ndiyo mara nne na zaidi. Waajiri wakashtuka, wakasema huo ni mruko mkubwa mno. Na ni kweli ulikuwa mruko. Lakini nani aliyeufanya uwe mkubwa? Si mtumishi. Ni ile miaka 10 ya kulala. Kisha ile 7,075 nayo ikakaa mpaka mwaka 2025, ndipo amri mpya ikaandika 14,500. Mtu asiyepanda ngazi kidogo kidogo, siku moja hutakiwa kuruka ukuta.

Wazee husema: ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika jambo hili methali hiyo ni hesabu kamili. Tuseme bei zimepanda 20 kwa mia mwezi wa kwanza, na mshahara haukuguswa mpaka mwisho wa mwaka. Kila mwezi mshahara wanunua sehemu tano tu za sita. Katika miezi 12 mtumishi amepoteza sehemu 12 za sita, maana yake mishahara ya miezi 2 nzima. Hata kama mwezi wa kwanza wa mwaka ujao wamrudishia zile 20 kwa mia, ile miezi 2 hairudi tena. Imekwisha kuwa minerval isiyolipwa, na mtoto aliyefukuzwa shuleni.

Namna ya pili ni kushika dola. Watu wengi wasema: «Tuandike mishahara kwa dola, na mambo yamekwisha.» Sisi nasi tulipata kufikiri hivyo, na hatuoni haya kusema. Nani asiyefikiri hivyo, akikumbuka mwendo wa fedha zetu? Mwaka 1993 Zaire mpya ilichukua mahali pa Zaire milioni tatu za zamani. Franka ya sasa ilipozaliwa mwaka 1998, ilichukua mahali pa Zaire mpya 100,000, na dola moja ilikuwa chini ya franka 2. Kwa miaka kadhaa kabla ya 2016 dola ilikaa kama 920. Mwaka 2018 ilikuwa imepita 1,600. Mwaka 2024 ilikaribia 2,800. Mtu aliyeona hayo yote atamani fimbo isiyovunjika.

Lakini tulipofikiri zaidi, tuliona ya kuwa dola ni kipimo cha kitu kingine. Dola yapima nguvu ya franka mbele ya fedha za kigeni. Haipimi bei ya makala ya kupikia, wala ya sombe, wala kodi ya chumba. Mara nyingi bei hizo zapanda pamoja na dola, ni kweli. Mara nyingine hazifuatani. Mwaka 2025, katika miezi ya mwisho, franka ilipata nguvu, dola ikashuka sana. Je, wenye nyumba walishusha kodi upesi vile vile? Wauza unga je? Yule aliyelipwa kwa dola alikwenda kwa wabadili-fedha akarudi na franka chache kuliko mwezi uliopita, na sokoni alikuta bei nyingi zikiwa zimekaa juu. Siku hiyo dola ilimtoa sokoni na kikapo chepesi. Tena komine yapokea kodi zake nyingi kwa franka. Ikiahidi dola na kupokea franka, yaahidi kitu kisichokuwa mikononi mwake.

Namna ya tatu ni ya zamani, nayo wazee wa Katanga waikumbuka vema: posho. Katika kambi za Union Minière mfanya kazi alipewa unga, na nyama au samaki, na chumvi, pamoja na mshahara wake. Hata baadaye, siku za Gécamines, watu walingojea mfuko wa unga kila mwezi. Wengi wa leo wadhani ilikuwa namna ya kuwatunza watu kama watoto. Neno hilo lina kweli: tajiri ndiye aliyechagua utakula nini, na aliyefukuzwa kazi alipoteza mshahara na chakula siku moja. Lakini tuseme haki yake pia. Mfuko wa unga haujui bei. Bei ipande mara mbili, mfuko ni mfuko. Posho ilikuwa inafanya pasipo hesabu yoyote kazi ile ile ambayo leo twatafuta kuifanya kwa makaratasi. Yatufundisha neno moja kubwa: kipimo cha mshahara ni vitu vilivyo mezani. Idadi ya noti si kipimo.

Namna ya nne ni ya Ubelgiji, nayo huitwa indeksi. Twaitaja kwa sababu wakubwa wetu wengi waijua kwa jina, na wengine wadhani ni dawa ya kila ugonjwa. Yafanyika hivi. Kila mwezi watu wa Serikali waandika bei za vitu vingi vinavyonunuliwa na jamaa: mkate, kodi ya nyumba, moto wa kupashia nyumba, nguo, na vingine. Wavijumlisha wapate hesabu moja, ndiyo indeksi. Kwa mishahara ya kazi za umma, sheria ya tarehe 2 Agosti 1971 yaweka alama. Indeksi ikipita alama hiyo, mishahara yapandishwa 2 kwa mia baada ya miezi michache. Haihitaji barua, haihitaji kuacha kazi, haihitaji mkubwa mwenye moyo mwema. Karani wa komine apata sawasawa na karani wa waziri, kila mmoja kwa kadiri ya mshahara wake. Mwaka 2022, bei za gesi na umeme zilipopanda sana, alama ilipitwa mara tano katika mwaka mmoja, na kila mara mishahara ikafuata.

Twasifu nini katika namna hii? Twasifu ya kuwa kanuni imeandikwa kabla ya shida kuja. Watu wenye njaa hawahesabu vizuri, na wakubwa wenye hofu nao hawahesabu vizuri. Ni afadhali hesabu ifanywe siku ya amani, iwaongoze wote siku ya taabu.

Lakini tusisujudie indeksi. Nayo ina vilema vitatu. Kilema cha kwanza: anayechagua vitu vya kuhesabu, ashika kisu cha kukatia nyama. Tangu mwaka 1994 Wabelgiji watumia indeksi wanayoiita ya afya, wakiondoa tumbaku, pombe na mafuta ya magari. Juu ya tumbaku hatulii. Lakini mtu anayekwenda kazini kwa gari alipa mafuta hata kama hesabu haimwoni. Kilema cha pili: kanuni yaweza kusimamishwa na mkono ule ule ulioiandika. Mwaka 2015 sheria iliruka mara moja zile 2 kwa mia, na watumishi hawakuzipata. Kilema cha tatu ni kwa makomine yenyewe: hesabu yaamriwa juu, lakini fedha zatoka chini. Mwaka ule wa 2022 makomine ya kule yalilia ya kuwa mishahara yapanda upesi kuliko kodi wanazopokea. Ikiwa komine za Ubelgiji, zenye masanduku yaliyojaa, zalia, komine yetu itafanya nini?

Sasa tufike kwenye neno linalogawanya watu katika kila mkutano wa sendika: je, tupandishe kwa mia, au tumpe kila mtu hesabu moja?

Tutwae mfano wa kubuni. Komine ina watumishi 10. Tisa wapata franka 200,000 kila mmoja, na mkubwa wao apata 1,000,000. Jumla ni 2,800,000. Bei zimepanda 20 kwa mia. Tukipandisha kwa mia, mdogo apata 40,000 zaidi, mkubwa apata 200,000. Wadogo wasema: «Unga ni bei moja kwetu sote, kwa nini yeye apate mara tano?» Neno lao lina nguvu. Tukigawanya fedha zile zile 560,000 sawasawa, kila mmoja apata 56,000. Mdogo amepanda 28 kwa mia, mkubwa hakufika hata 6. Wadogo wafurahi. Lakini tufanye hivyo kila mwaka miaka 10, na ngazi yote itakuwa imebomoka. Nani atasoma miaka mingi, ashike sanduku la komine na kujibu kwa kila franka, ikiwa mshahara wake wakaribia ule wa mlinzi wa mlango? Mtu huyo atakimbia, au atabaki na kujilipa mwenyewe kwa njia nyingine.

Sisi twaona hivi. Ikiwa fedha zatosha, haki ni kwa mia, maana tulisema jambo hili ni kurudisha, na kila mmoja arudishiwe kadiri alivyopoteza. Ngazi ikiwa mbaya, ikiwa mkubwa apata kupita kiasi, hilo ni shauri jingine. Lirekebishwe waziwazi kwa mapatano kama yale ya Mbudi. Lisifichwe ndani ya hesabu ya bei. Lakini ikiwa fedha hazitoshi, na kwetu mara nyingi hazitoshi, basi tulinde kwanza chakula. Tuseme komine ile ina franka 400,000 tu za kurudisha. Ikigawanya kwa mia, kila mmoja apata kama 14 kwa mia; mdogo akosa zaidi ya franka 11,000 za chakula chake. Lakini ikirudisha zile 20 kwa mia juu ya franka 200,000 za kwanza za kila mshahara, kila mtu apata 40,000. Wadogo tisa wamerudishiwa yote. Mkubwa bado adai 160,000. Deni hilo liandikwe katika kitabu, lisifutwe, lilipwe mwaka wa fedha nyingi. Atapunguza nyama, wengine wangepunguza unga. Hayo si sawa.

Kisha, vitu vya kuhesabu ni vya mahali gani? Institut National de la Statistique huandika bei, na Benki Kuu hutangaza mwendo wake. Ni kazi njema. Lakini inchi yetu ni pana, na Kinshasa si Lubumbashi, wala Lubumbashi si Bukavu. Katika Katanga ya juu watu hula bukari ya mahindi, na sehemu kubwa ya mahindi hayo yatoka Zambia. Mwaka 2024 ukame mkubwa uliharibu mashamba ya Zambia. Mama wa Lubumbashi alijua habari hiyo kwa meka ya unga kabla haijaandikwa katika gazeti. Mtu wa Bukavu ale bugali ya muhogo, samaki wadogo wa ziwa, na maharagi ya milimani. Taabu yake yaja kwa njia nyingine, kwa barabara iliyokatika au iliyofungwa na vita. Hesabu moja ya inchi nzima ni kama kiatu kimoja cha shule nzima: wengine chawabana, wengine chawavuka. Kila jimbo liwe na kikapo chake. Si lazima kiwe na vitu mia. Unga, mafuta ya mawese, samaki, maharagi, chumvi, sabuni, makala, kodi ya chumba, maji, gari la kwenda kazini, minerval: vitu 10 au 12 vikiandikwa kila mwezi katika masoko matatu, pamoja na kiasi kile ambacho jamaa hutumia kwa kila kimoja, vyasema kweli kuliko kitabu kinene kinachochelewa mwaka mzima.

Tukiwa katika hesabu, tuseme juu ya hila moja iliyo desturi kwetu. Ni kuacha mshahara wenyewe ulale, na kuongeza «prime» pembeni. Prime yapendwa na mkubwa, maana aweza kuitoa na kuiondoa. Yapendwa na mtumishi kijana, maana yamfikia leo. Lakini mwisho wa kazi, pensheni yahesabiwa juu ya mshahara wenyewe, si juu ya prime. Mzee aliyetumikia miaka 30 arudi nyumbani akikuta ya kuwa nusu kubwa ya fedha alizozoea haikuwa mshahara hata kidogo. Ndiyo sababu twawaona wazee wengi wakikataa kuondoka mezani. Twawacheka, kumbe wao wamehesabu vizuri kuliko sisi. Kurudisha kwa ajili ya bei kuingie ndani ya mshahara. Prime ibaki kwa kazi ya pekee.

Na tusisahau wale wasio na kitu cha kurudishiwa. Katika mabiro yetu mengi kuna watu wenye namba ya kazi wasiopata mshahara wa Serikali, na wengine wasio na namba wala mshahara, nao waja kila asubuhi. Juu ya hao indeksi ya namna gani? Ishirini kwa mia ya sifuri ni sifuri. Hapa ndipo twaona mwisho wa kila kanuni ya bei: yaponya mshahara ulioliwa, haizai mshahara usiokuwapo. Mkubwa anayetangaza indeksi nzuri huku nusu ya biro haina mshahara, apaka rangi nyumba isiyo na paa.

Twafika kwenye swali gumu: fedha zatoka wapi? Katiba yetu ya mwaka 2006, katika sharti la 175, yasema ya kuwa 40 kwa mia ya mapato ya taifa yanayotoka katika majimbo ni ya majimbo, na yakatwe pale pale yanapopokelewa. Sehemu yake ipasa kufika kwa miji, makomine, sekta na sheferi. Watu wote wajua ya kuwa neno hilo la kukata pale pale halikufuatwa. Fedha zapanda mpaka Kinshasa, kisha zashuka kwa kuchelewa na kwa kupungua. Basi burugumestre afanya nini akidaiwa mishahara? Aangalia karibu yake. Karibu yake pana soko. Katika soko yuko mama mwenye mafungu ya nyanya, na mwenye baiskeli ya makala. Kodi ya meza yaongezwa, karatasi mpya yabuniwa, na mpokeaji apewa neno: «Usirudi mikono mitupu.» Mama yule apandisha bei ya nyanya apate kulipa kodi. Na nani anunua nyanya? Karani. Tazama mzunguko: mshahara wa karani wapandishwa kwa kodi inayopandisha bei inayokula mshahara wa karani.

Kwa sababu hiyo wengine wasema: «Kupandisha mishahara kwapandisha bei, afadhali tuache.» Neno hilo lina nusu ya kweli. Mshahara ukilipwa kwa noti zilizochapwa pasipo mali nyuma yake, bei zapanda kweli. Miaka ya 1990 ilitufundisha kwa fimbo. Ukilipwa kwa kodi za mama wa soko, bei ya soko yapanda pia. Lakini ukilipwa kwa fedha ambazo tayari ni za komine kwa sheria, na ambazo zilikuwa zimekaa mahali pengine, hapo hakuna noti mpya wala kodi mpya. Fedha zimebadili mfuko tu. Tena kuacha nako si bure. Karani asiyerudishiwa hafi njaa kimya. Ajirudishia mwenyewe mezani pake: karatasi ya uzazi ina bei yake, sahihi ina bei yake, muhuri una bei yake. Hiyo nayo ni indeksi, wasomaji wetu! Yapanda kila mara soko linapopanda, pasipo sheria, pasipo risiti, na maskini ndiye aliyeilipa kuliko wote, maana tajiri ana rafiki katika biro. Wale wanaosema inchi yetu haina indeksi wakosea. Inayo, ila inakusanywa mlangoni.

Hatusemi hayo kumwondolea karani kosa. Anayeuza sahihi afanya vibaya, awe na njaa au ameshiba. Lakini mwenye kumweka mtu miaka 10 mbele ya jaribu lile lile, kisha ashangae, naye achunguze dhamiri yake.

Basi, mwisho wa kuzipima namna zote hizi, twaona mambo matano yafaa. Kikapo cha kila jimbo kiandikwe kila mwezi na kubandikwa ukutani penye biro ya komine, wote wakisome, karani na mama wa soko pia. Mshahara uangaliwe mara mbili kwa mwaka kwa tarehe zinazojulikana, si siku ya hasira. Fedha zikitosha, irudishwe kwa mia. Zisipotosha, zilindwe franka za kwanza za kila mshahara, na kilichobaki kiandikwe kuwa deni. Kilichorudishwa kiingie ndani ya mshahara, si katika prime. Na isipandishwe kodi ya soko kwa ajili hiyo kabla komine haijapewa sehemu yake ya sheria na kuonyesha imeitumia namna gani.

Mtu atasema: «Ninyi mwaota.» Twajibu: kubandika karatasi ya bei 12 ukutani kila mwezi kwahitaji mtu mmoja, kalamu, na asubuhi tatu sokoni. Hilo halingoji Kinshasa, wala halingoji dola. Burugumestre anayeogopa karatasi hiyo, watu watauliza aogopa nini. Na yule atakayeibandika, hata kama hana bado franka moja ya kurudisha, atakuwa amefanya neno moja ambalo wengi kabla yake hawakulifanya: amekiri mbele ya watu ni kiasi gani cha mshahara kimeliwa. Deni lililoandikwa mahali pa wazi si rahisi kulisahau.